Nani Atakaa na Mzazi

Desemba 1866, katika mji wa bandari wa Aden, binti wa Sultani wa Zanzibar alijifungua mtoto wake wa kwanza bila mama, bila dada, bila somo wala mkunga aliyemzoea. Jina lake Sayyida Salme binti Said. Miezi minne nyuma, usiku wa Siku ya Mwaka, wakati wanawake wa mji wanapoteremka pwani kuoga, alipanda mashua akapelekwa kwenye meli ya kivita ya Waingereza iitwayo Highflyer. Alikuwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe, na alijua jamaa zake wasingemsamehe. Mama yake, Jilfidan, alikuwa amekufa kwa kipindupindu miaka kadhaa kabla. Hata angekuwa hai, angemfuataje Aden?

Mtoto alikuwa wa kiume. Mwezi Mei 1867 Ruete alifika Aden, Salme akabatizwa, ndoa ikafungwa siku hiyohiyo, na safari ya Ulaya ikaanza. Mtoto hakuimaliza. Alifariki njiani, ndani ya Ufaransa, kabla wazazi wake hawajafika Hamburg. Katika mji huo wa baridi Salme alizaa mara 3 zaidi, miaka mitatu mfululizo: 1868, 1869 na 1870. Agosti 1870 mumewe alianguka akishuka kwenye tramu, akafa. Kitinda mimba hakuwa ametimiza miezi 4. Mjane alikuwa na miaka 25.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin, na humo aliwaeleza wasomaji wa Kijerumani jinsi mtoto mchanga anavyopokewa katika nyumba za kifalme za Unguja. Mtoto huoshwa, hupakwa poda, huvishwa shati jepesi, kisha hufungwa kitambaa tangu mabegani hadi nyayoni, mikono na miguu ikiwa imenyooshwa. Hukaa ndani ya kitambaa hicho siku 40, akifunguliwa mara 2 kwa siku ili aogeshwe. Wasichana hutogwa masikio siku za mwanzo kabisa. Siku ya 40 nywele hunyolewa, na kabla ya siku hiyo ni watu wachache tu wa ndani wanaoruhusiwa kumtazama.

Katika maelezo hayo kuna mikono mingi isiyotajwa kwa majina. Waliochota maji, waliopepea, waliokesha pembeni ya kitanda cha mtoto walikuwa watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukapoteza nguvu ya kisheria visiwani mwaka 1897, miaka 11 baada ya kitabu cha Salme kutoka. Mwenye kuusifu uzazi wa zamani akumbuke kwamba starehe ya mzazi wa jumba la kifalme ilikuwa jasho la mtu asiyelipwa. Lakini katika nyumba za kawaida, za wavuvi, wakulima na mafundi, ambako hapakuwa na mjakazi, kazi ni zilezile na zilifanyika. Walizifanya jamaa wa kike. Huo ndio mpango uliodumu, na habari zake zinastahili kusimuliwa kirefu, kwa sababu serikali zote zilizokuja baadaye zilijenga juu yake bila kuuweka hata mara moja kwenye hesabu zao.

Mmoja wa Waswahili wa kwanza kuuandika kwa nathari alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake yalikuwa sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho Carl Velten alikichapisha Göttingen mwaka 1903. Kitabu kinaanzia pale maisha yanapoanzia: mimba, kujifungua, mkunga, malezi ya mtoto mchanga. Mtoro hakuona sababu ya kuyaficha mambo ya wanawake nyuma ya pazia. Kwake yalikuwa desturi kama zilivyo harusi na biashara ya bara.

Kwa watu wa Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, na wa visiwani, mimba ya kwanza ilikuwa na taratibu zake. Mwanamke alirudi kwao. Miezi ya mwisho ilipokaribia, mume alimpeleka kwa mama yake, akajifungulia huko na kukaa huko hadi arobaini itimie. Sababu inaeleweka hata bila kuelezwa: msichana ambaye hajawahi kumshika mtoto wake mwenyewe hawezi kuamrishwa na mama mkwe huku maziwa yanauma na jeraha linawaka. Kwa mama yake anaweza kulia. Anaweza pia kukataa chakula, akagombezwa, akala.

Kila siku mzazi alikandwa. Maji yalichemshwa kwenye sufuria kubwa, kitambaa kizito kikachovywa, kikakamuliwa, kikabandikwa tumboni, kiunoni na mgongoni kikiwa bado kinafuka mvuke. Mzazi alipiga kelele. Mkunga hakuwa na habari naye. Baada ya maji ulifuata mkaja, kitambaa kirefu kilichozungushwa tumboni na kukazwa hadi mtu apumue kwa shida, ili tumbo lirudi na mgongo upate egemeo. Mpaka leo, katika posa nyingi za Pwani, bwana harusi hutoa mkaja kwa mama wa bibi harusi, malipo ya kitambaa alichojifunga siku alipomzaa huyo anayeolewa. Chakula kilikuwa uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku uliokolezwa pilipili manga hiyohiyo, na supu ya pweza kwa waliokaa karibu na maji. Chumba kilifukizwa ubani na udi. Mtoto alikuwa na watu wake wa kumwogesha, kumnyoosha na kumpakata, na mama alipewa mtoto pale tu aliponyonya.

Baba naye hakuachwa hivi hivi, ingawa mlangoni hakukaribishwa sana. Alimwadhinia mtoto sikioni. Siku ya saba, mwenye uwezo alichinja akika na jina likatangazwa. Katikati ya hayo alikuwa na orodha ya kutimiza: kuku, pilipili manga, sukari, mkaa, kanga za mzazi, posho ya mkunga. Alikwenda ukweni akatoa alichonacho, akamwona mtoto kidogo, akarudi kwake kulala peke yake. Hakuna aliyemuuliza amepokeaje kuwa baba. Hilo lilikuwa pengo, na litarudi tena katika habari hii, karne moja baadaye, katika nchi isiyo na bahari.

Mpango wa namna hiyo haukuwa wa Pwani peke yake. Kule Kilimanjaro mzazi aliletewa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama, chakula ambacho leo kinauzwa kwenye mikahawa ya Dar es Salaam na walaji wengi hawajui kilikuwa cha nani. Wakikuyu walimpikia njahi. Waganda walimwogesha mtoto kwa kyogero, maji ya mitishamba. Wanyarwanda walikwenda kumzuru mzazi na uji wa kumrudishia nguvu, na mtoto akapewa jina siku ya nane. Tofauti ni za jikoni. Kote, mtu aliyetoka kuzaa aliondolewa kazini kwa majuma kadhaa na wengine wakazibeba kazi zake.

Kwa hiyo ukilipima jambo hili kwa jicho la mwajiri, arobaini ilikuwa likizo. Ilikuwa na wafanyakazi wa zamu, mlo maalumu, tiba ya viungo, mafunzo ya malezi na tarehe ya kumalizika.

Haikuwa pepo. Watoto wengi walikufa, na mama zao pia. Dang'a, yale maziwa ya njano ya mwanzo, mara nyingi ilikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu, mtoto akaanzishiwa maji, asali au uji mwepesi tumboni mwake mlipokuwa bado hamjapita kitu. Kitovu kilipakwa majivu au samadi, na pepopunda ikamaliza kazi. Mkunga hodari aliweza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya, lakini damu ikimwagika bila kukoma hakuwa na la kufanya ila dua. Yeyote anayetaka kuirudisha arobaini nzima nzima, pamoja na majivu yake, hajawahi kuzika.

Wakoloni walipoanza kujishughulisha na uzazi wa Waafrika, kilichowasukuma zaidi ni idadi ya watu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, njaa na homa ya mafua ya 1918, maofisa wa Afrika Mashariki waliogopa kwamba wenyeji wanapungua, na wakipungua, nani atalima mkonge na kahawa? Nchini Kenya, Joan Grigg, mke wa Gavana Edward Grigg, alichangisha fedha kwa ajili ya nyumba za kujifungulia na kufundishia wakunga. Mwaka 1926 nyumba ya wazazi iliyobeba jina lake ikaanzishwa huko Pumwani, mtaa wa Nairobi uliokuwa na Waswahili na Waislamu wengi. Mombasa nayo ilikuwa na nyumba yenye jina hilo la Lady Grigg. Ile ya Pumwani ilikua hadi ikawa miongoni mwa hospitali kubwa za uzazi katika Afrika kusini mwa Sahara, na maelfu kwa maelfu ya Wanairobi wamezaliwa humo.

Wanawake hawakuzikimbilia nyumba hizo mara moja. Walizizoea polepole, na walikuwa na sababu za kwenda: wembe safi, mikono iliyooshwa kwa dawa, mtu anayejua la kufanya damu isipokatika. Lakini hospitali ilichukua usiku mmoja wa uchungu na asubuhi yake, basi. Siku 39 zilizobaki ilimwachia mama wa mzazi, kimyakimya, bila kumshukuru na bila kumlipa. Hesabu ilikaa sawa kwa sababu mama huyo alikuwepo. Aliishi mtaa wa pili, au kijiji jirani, na hakuwa na ajira ya kumzuia.

Uhuru ulikuja na kliniki. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilielekeza fedha vijijini: zahanati, vituo vya afya, wahudumu wa afya ya mama na mtoto waliofunzwa kwa wingi katika miaka ya 1970. Kila mama aliyepita katika mfumo huo anaikumbuka mizani iliyoning'inizwa kwenye mti au kwenye boriti, mtoto akiwa ndani ya kikaptula cha turubai, akirusha miguu huku na huku, na muuguzi akiweka nukta kwenye kadi. Kadi hiyo ya kufuatilia uzito ilitokana na kazi ya daktari Mwingereza, David Morley, katika vijiji vya magharibi mwa Nigeria, na ilienea duniani kote kwa kuwa mama aliweza kuisoma hata kama hakwenda shule: mstari ukipanda, heri, ukilala, kuna jambo. Chanjo zilikuja, surua ikapungua, na watoto waliokuwa wafe wakaishi.

Aliyepimwa, hata hivyo, ni mtoto. Mama alikaa kwenye benchi akisubiri zamu, akaulizwa mtoto ananyonya, mtoto anaharisha, mtoto amechanjwa. Kama amelala usiku hakuulizwa. Katika kadi hapakuwa na nukta yake.

Aliyekwenda kuuliza alikuwa daktari wa akili kutoka Uingereza, na mahali alipoulizia ni Kasangati, kituo cha afya nje kidogo ya Kampala ambacho Chuo Kikuu cha Makerere kilikitumia kufundishia wanafunzi wake. John Cox alifundisha Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Uganda ikiwa mikononi mwa Idi Amin, na alitaka kujua jambo ambalo wenzake wengi walidhani halipo. Wakati huo lilikuwapo wazo, lililopendwa na wazungu na Waafrika wasomi vilevile, kwamba huzuni ya baada ya kuzaa ni ugonjwa wa wanawake wa Ulaya wenye nafasi ya kuhuzunika. Mwafrika, ilisemwa, ana ukoo, ana shangazi, ana ngoma. Huzuni itampatia wapi?

Cox alianza na kile ambacho Waganda wenyewe walikuwa nacho tayari. Walikuwa na jina la wazimu unaompata mzazi siku chache baada ya kujifungua: amakiro. Waliamini unatokana na uzinzi wakati wa mimba, na kwamba mama mwenye amakiro anaweza kumdhuru mtoto wake, hata kutaka kumla. Watu wenye jina la ugonjwa na maelezo ya chanzo chake bila shaka wameshauona. Kisha alichunguza wajawazito, na taarifa yake ya mwaka 1979 ilihusu wanawake 263 wa Uganda walioishi nje ya mji. Aliwafuatilia baadhi yao baada ya kujifungua. Alikuta kwamba takriban mmoja katika kila 10 alikuwa na sonona ya kutosha kuhesabiwa ugonjwa. Alipowalinganisha na wanawake wa Uskoti, viwango vilikaribiana.

Matokeo hayo yaliwaudhi watu wa pande mbili. Waliodharau waliona kumbe Mwafrika naye huugua moyo kama mtu yeyote. Waliosifu mila waliona kumbe shangazi na uji havitoshi kumkinga kila mzazi. Mwaka 1983 watafiti Gwen Stern na Laurence Kruckman wa Marekani walitoa hoja maarufu kwamba jamii zinazompa mzazi kipindi cha kupumzika, kutunzwa na kuheshimiwa humwepusha na sonona. Hoja yao ina ukweli mwingi na bado inanukuliwa, lakini Kasangati inaikumbusha isijitape. Mila inaweza kumzunguka mzazi kwa watu 10 na asiwepo hata mmoja anayeruhusiwa kusikia kwamba hampendi mtoto wake leo. Palipo na imani kwamba mzazi akivurugikiwa ni kwa sababu alizini, mwenye akili atanyamaza.

Baadaye Cox alifanya kazi Uskoti, na mwaka 1987, pamoja na Jeni Holden na Ruth Sagovsky, alichapisha dodoso la maswali 10 linalojulikana duniani kwa jina la mji wa Edinburgh. Linauliza kuhusu siku 7 zilizopita: kama mtu bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama mambo yanamzidi, kama anakosa usingizi kwa huzuni, na swali la mwisho kabisa, kama amewaza kujidhuru. Linajazwa kwa dakika chache. Limetafsiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na limetumika katika utafiti Kenya na Tanzania. Ni nadra kusikia ikitajwa kwamba safari yake ilipitia benchi la kliniki nje ya Kampala.

Mwaka huohuo, Februari 1987, wajumbe kutoka pande zote za dunia walikutana Nairobi kuzindua mpango wa Uzazi Salama. Takwimu iliyowaleta ilikuwa ya kutisha: wanawake wapatao 500,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu za ujauzito na uzazi. Mwanzoni mkakati ulimhusisha mkunga wa jadi. Tangu miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likihimiza afundishwe, na vijijini alionekana na kisanduku chake chenye wembe, uzi na sabuni. Kisha upepo ukageuka. Vifo havikupungua kwa kasi iliyotarajiwa, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 neno likawa moja: kila mama ajifungulie mbele ya mtaalamu. Mkunga wa jadi akaambiwa aache.

Kwa upande wa vifo, uamuzi ulikuwa sahihi na matunda yake yanaonekana. Kenya ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma Juni 2013, na kufikia utafiti wa kitaifa wa 2022 asilimia 82 ya watoto walikuwa wakizaliwa katika vituo vya afya. Tanzania, mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 81, na vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 vilishuka hadi 104. Hakuna kukanda kwa maji ya moto kungeleta hayo.

Lakini mkunga wa jadi hakuwa mzalishaji tu. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku ya saba. Alikanda, aliogesha, alichungulia kitovu, alimfundisha msichana kumweka mtoto titini, alimtuma kijana akamwambie baba kuku amekwisha. Alipoondolewa kwa sababu ya kazi moja ambayo wengine waliimudu kuliko yeye, kazi zake nyingine 10 ziliondoka pamoja naye na hazikupewa mtu. Baadhi ya maeneo ya Kenya yaliona hasara hiyo yakawageuza wakunga wazee kuwa wasindikizaji: wampeleke mama hospitali, walipwe kidogo, warudi naye. Kwingine hawakupewa hata hilo.

Na mama wa mzazi je? Huyo naye yuko mbali. Yuko Songea, binti amepanga chumba Mbagala. Yuko Kisii, binti yuko Kayole. Yuko Tanga, na binti yuko Muscat au Minneapolis, ambako bibi akitaka kwenda kulea mjukuu huombwa viza, taarifa ya benki na barua ya mwaliko. Mara nyingi bibi mwenyewe bado anafanya kazi. Mwalimu wa miaka 50 hawezi kuacha darasa siku 40. Anakuja wiki 2, anafundisha kukanda, anajaza friji mchuzi, anapanda basi. Anayebaki ni dada wa kazi, naye pengine ana miaka 17 na hajawahi kuona kitovu kikidondoka.

Simu ilijaribu kujaza nafasi. Novemba 2012 Tanzania ilizindua Wazazi Nipendeni: mjamzito au mzazi alituma neno kwenda namba 15001 bila malipo, akapokea ujumbe mfupi unaolingana na umri wa mimba au wa mtoto wake. Waliojiunga walikuwa wengi sana. Ujumbe ulikuwa mzuri, wa Kiswahili safi, na ulifika kwa wakati. Ila ujumbe hauchemshi maji.

Jaribio lililogusa pengo lile la zamani, la baba aliyepewa orodha ya kuku akaachwa, lilifanyika Rwanda. Kati ya 2013 na 2015, mpango ulioitwa Bandebereho uliwakusanya wanaume vijana, waliokuwa wanatarajia mtoto au wenye watoto wadogo, katika wilaya 4: Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Uliendeshwa na shirika la Kinyarwanda RWAMREC pamoja na shirika la Promundo. Vikao vilikuwa 15, na wake zao walihudhuria 8 kati ya hivyo. Walioongoza vikundi walikuwa akina baba wa vijijini hapohapo. Walizungumza mimba, uzazi wa mpango, fedha za nyumbani, hasira, na namna ya kumwogesha mtoto.

Kisha wakapimwa kwa njia inayokubalika kisayansi. Jozi 1,199 za wenza ziligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakahudhuria vikao, wengine hapana. Karibu miaka 2 baadaye, wanaume waliohudhuria walikuwa wakiwasindikiza wake zao kliniki zaidi na kufanya kazi nyingi zaidi za nyumbani. Tofauti kubwa kuliko zote haikuwa kwenye beseni la maji: katika kundi lisilohudhuria, asilimia 57 ya wanawake walisema wamepigwa na waume zao katika mwaka uliopita, katika kundi lililohudhuria, asilimia 33. Bado 33 ni aibu. Lakini ni vigumu kutaja dawa, kadi au kampeni nyingine iliyowahi kupunguza maumivu ya mzazi kwa kiasi hicho kwa gharama ya vikao 15 vya mazungumzo chini ya paa la bati.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mpya wa huduma baada ya kujifungua Machi 2022. Linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24, kisha waonwe tena mara 3: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Lilikiri kwamba zaidi ya mama 3 kati ya 10, pamoja na watoto wao, hawapati huduma yoyote katika siku za mwanzo. Mwongozo unataka mama aulizwe pia hali ya moyo wake, na baba ahusishwe. Mwisho wa wiki ya sita ni siku ya 42, siku ileile ambayo madaktari wanaitumia kufunga hesabu ya vifo vya uzazi. Wazee wa Mrima walikosea kwa siku 2.

Sheria za kazi hazijafika huko. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba ikampa siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Uganda, mwaka 2006, ilimpa baba siku 4 za kazi. Kenya, mwaka 2007, ilimpa wiki 2, na mama miezi 3. Rwanda, baada ya majaribio yake yote ya akina baba, ilimwongezea mwaka 2023 kutoka siku 4 hadi 7, na mama akapata wiki 14. Zote hizo ni za mwenye mkataba wa ajira. Mama anayeuza mboga Kariakoo au mitumba Gikomba hana mwajiri wa kumwomba ruhusa, na akifunga meza siku 40, nafasi yake sokoni inakaliwa na mwingine.

Hapo ndipo fedha za umma zinapotakiwa sasa: kumlipa mtu arudi kwa mzazi siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne, nyumbani kwake, kwa miguu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tayari wapo na njia wanazijua. Na siku wabunge wa Dodoma watakapoifungua tena sheria ya 2004, wazitazame zile siku 3 za baba. Hazitoshi hata kusubiri kitovu kidondoke.